Ua la Usambara Lenye Jina la Kuazima

Katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani huuzwa mmea mdogo sana, ambao hupandwa katika chungu kinacholingana na kikombe kikubwa cha chai. Majani yake ni manene, nayo yana malaika laini kama mahameli. Maua yake kwa kawaida ni ya rangi ya zambarau, na katikati ya kila ua vipo vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Waingereza huuita African violet, maana yake urujuani wa Afrika. Nao Wajerumani huuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara.

Watu wengi wanaoutunza mmea huu katika madirisha yao huko ng'ambo hawajui milima ya Usambara iko wapi. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba watu wengi wa Afrika ya Mashariki, wauonapo katika ofisi au nyumba mjini, hudhani ya kuwa ni ua la wageni. Kumbe ni mzaliwa wa hapa hapa, na nyumba yake ya asili inazidi kupungua.

SI URUJUANI

Kwanza yafaa ijulikane ya kuwa jina la urujuani ni la kuazima. Urujuani wa kweli ni wa ukoo mwingine kabisa. Ua lake lina vipande vitano vilivyoachana, na kimoja kina kijipembe kilichochomoza kwa nyuma. Ua la Usambara halina kijipembe hicho, na vipande vyake vitano vimeungana chini. Mmea huu ulipewa jina la urujuani kwa ajili ya rangi tu, kama vile mtu aitwaye ndugu kwa sababu kanzu yake imefanana na ya mwingine.

NAMNA ULIVYOSAFIRI

Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliupata mmea huu, na mwaka 1887 Padre W. E. Taylor, ambaye ni mashuhuri kwa kukusanya methali za Waswahili, aliupata pia. Mimea yao iliyokaushwa ilifika katika bustani ya Kew, London, lakini haikuwatosha wataalamu kuipa jina.

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga zama za Wadachi, alimpelekea baba yake mmea huo huko Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hanover. Mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ukoo wa yule mkuu wa wilaya; neno la pili latokana na Kiyunani, na maana yake ni wenye maua mfano wa urujuani. Mwaka huo huo ukaonyeshwa mbele ya watu huko Ghent, Ubelgiji, nao wakaupenda.

Katika miaka ya 1920, wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakapanda, kisha wakachagua miche kumi iliyo bora. Kwa kazi hiyo biashara kubwa ikaanza Marekani, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakaanzisha chama chao huko. Leo yapo maua meupe, ya waridi, na hata yenye rangi mbili katika ua moja.

Mwaka 2015 wataalamu waliuhamisha mmea huu katika jamaa ya Streptocarpus, ambayo ina ndugu wengi katika Afrika. Hata hivyo, jina la madukani halikubadilika.

KIVULI NDICHO NYUMBA YAKE

Huku ukisitawi katika vyungu vya ng'ambo, mmea wa porini umo katika hatari. Hauoti kila mahali. Hupenda kushika katika nyufa za mawe, penye kivuli cha miti mikubwa na unyevu. Zipo aina zake katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na nyinginezo katika Kenya. Aina moja ni ya milima ya Taita, katika msitu wa Mbololo. Nyingine huota juu ya mawe ya chokaa katika kaunti ya Kilifi. Aina hizi mbili za Kenya zimehesabiwa miongoni mwa mimea iliyo karibu sana kutoweka duniani.

Adui yake si lazima awe mtu aung'oaye. Mkulima akikata mti mmoja mkubwa ulio juu ya jiwe, jua hulipiga jiwe lile, unyevu hukauka, na mmea hufa bila kuguswa na mkono wa mtu. Wala hasara haikomei kwenye ua. Mto Sigi, ambao huwapatia maji watu wa mji wa Tanga, watoka katika misitu ile ile ya Usambara ya Mashariki. Kivuli kinachohifadhi ua ndicho kinachohifadhi maji ya mto. Kwa hiyo mwenye shamba karibu na mawe na vijito, akiiacha miti isimame, ameokoa mambo mawili kwa mara moja.

KUUOTESHA NYUMBANI

Apendaye kuwa nao nyumbani asiung'oe msituni. Na aombe jani moja kwa mwenzake aliye na mmea katika chungu. Jani lenye afya likatwe pamoja na kikonyo chake cha urefu wa inchi moja hivi, kisha kikonyo kichomekwe katika mchanga uliochanganywa na mboji. Udongo uwe na unyevu, lakini usijae maji. Baada ya majuma kadhaa miche midogo huchipuka chini ya jani. Chungu kiwekwe penye mwanga, mbali na jua kali la mchana, na majani yasimwagiwe maji baridi, kwa maana hufanya madoa.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Wageni waliusafirisha mmea huu, wakaupa jina, wakaufanyia biashara. Lakini kuuhifadhi pale ulipozaliwa, juu ya jiwe na chini ya mti, ni kazi isiyoweza kufanywa na mtu wa ng'ambo dirishani mwake. Kazi hiyo ni ya wenyeji walio jirani na msitu.