Minara mirefu, na mmoja uliopinda

Kabla Edward Steere hajafika Unguja mwaka 1864, akaandika sarufi ya Kiswahili na kusimamisha kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji cha Lincolnshire mashariki mwa Uingereza. Kanisa lake la kule halina sifa ya kutangazwa. Majirani zake ndio wenye majivuno: kusini Boston, kaskazini Louth.

Mnara wa Boston una mita 81, na wenyeji wanauita Kisiki. Dhihaka hiyo ni ya watu wanaojua wanacho. Fedha zilitoka kwenye sufu, enzi ambazo bandari hiyo ilisafirisha mizigo ya manyoya ya kondoo ng'ambo, na mabaharia walilenga mnara huo kutoka mbali kwa kuwa nchi yote pale ni tambarare kama sinia. Wenyeji watakuhesabia pia vidato 365 vya kupandia, madirisha 52, nguzo 12 na milango 7. Sina hakika kama waashi wa zamani walikusudia kujenga kalenda, ila hesabu yenyewe inapendeza.

Kisiki hakina ncha juu yake. Louth wanayo, tena ndiyo inayoupa mnara wao cheo cha mrefu kuliko yote ya parokia za Uingereza iliyojengwa zama za kati: mita 87 na zaidi. Kazi ya ncha ilianza mwaka 1501 ikaisha 1515, na wazee wa kanisa waliandika kila kilichotoka mfukoni, jumla pauni 305, shilingi 7 na peni 5. Kileleni waliweka jogoo wa kuonyesha upepo, aliyefuliwa, kwa masimulizi yao, kutokana na beseni la shaba la mfalme wa Scotland lililotekwa vitani Flodden mwaka 1513. Siku ya kumpandisha kengele zililia na watu wakagawiwa mkate na pombe. Miaka 21 baadaye, Oktoba 1536, chini ya mnara huohuo waumini waliinuka dhidi ya Mfalme Henry VIII wakihofia hazina za kanisa lao. Kasisi wao aliuawa kwa hilo.

Nimesema “zama za kati” makusudi. Kila bingwa wa makanisa hufuatwa na kivumishi, na ukikiondoa tu taji linahama. Taji la Louth linakwenda Preston, kwa Wakatoliki wa St Walburge, ambao mnara wao wa karne ya 19 unafika mita 94. Aliyeuchora ni Joseph Hansom, yuleyule aliyebuni gari la farasi la kukodi lililobeba jina lake mitaani London. Mawe ya ncha yake yaliwahi kuwa mataruma ya reli.

Kwa ukongwe ubishi ni mdogo. St Martin ya Canterbury ilikuwa tayari mahali pa sala pa Malkia Bertha kabla Augustino hajafika na wamisionari wake mwaka 597, na ukutani mwake matofali ya Warumi bado yanaonekana. Kwa mbao, nenda Greensted, Essex, ambako magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa yamesimamishwa wima bega kwa bega yakawa ukuta. Iliaminika ni ya mwaka 845, mpaka wataalamu walipohesabu miduara ya ukuaji ndani ya mbao wakaleta tarehe karibu: baada ya 1060. Kanisa limenyang'anywa karne mbili, na bado watu wanakwenda kulipapasa.

Udogo nao una kesi yake. Culbone, Somerset, iliyojificha msituni ambako watu hufika kwa miguu, ina urefu wa mita 10 na kitu na viti vya watu kama 30. Bremilham, Wiltshire, haizidi mita 4 kila upande, tena iko ndani ya shamba. Culbone wanajibu kwamba la kwao ni kanisa kamili.

Ninaloliota mimi ni la Chesterfield. Ncha yake, kwenye mnara wa mita 69, imejisokota nyuzi 45 na kuinama karibu mita 3 kutoka katikati. Simulizi moja inasema shetani alitua pale kupumzika, ubani ukampiga puani, akapiga chafya. Seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, atakupa jibu fupi zaidi: mbao mbichi. Ilijengwa karibu mwaka 1362, baada ya tauni kufagia mafundi wengi, kenchi zikakosa mihimili ya kutosha ya kushikana, kisha wakaibebesha tani 33 za risasi. Jua likichoma upande wa kusini, risasi hutanuka huko kuliko kaskazini.

Na East Bergholt, Suffolk, mnara haukufika popote. Ulianza mwaka 1525, na inasemekana Kadinali Wolsey alikuwa ameahidi kusaidia. Alianguka madarakani 1529, kazi ikasimama. Kengele zilikuwa zinasubiri, basi mwaka 1531 wakazijengea kibanda cha mbao uani, cha muda tu. Leo ziko tano, nzito, zaidi ya tani 4 kwa pamoja, na hazina kamba wala gurudumu. Wapigaji husimama kando yake na kuzisukuma kwa mikono. Bado zimo humohumo kibandani.