Ni Nani Aiendeshaye Shule Yenu? Maelezo kwa Wazazi wa Embu na Meru

Katika nchi ya Embu na Meru hapana kijiji kisichoijua thamani ya shule. Walakini ukimwuliza mzazi ni nani aiendeshaye shule ya watoto wake, mara nyingi atakujibu kwa neno moja tu: "Serikali." Jibu hilo si uongo, bali halitoshi. Serikali ina milango mingi, na mtu apigaye hodi katika mlango usiohusika hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu akikosekana, wazazi humwendea mbunge. Paa likivuja, humlaumu mwalimu mkuu peke yake. Darasa la watoto wadogo wa chekechea likikosa mwalimu, humpelekea malalamiko afisa wa elimu ambaye hana mamlaka juu ya jambo hilo. Miezi hupita, na apataye hasara ni mtoto.

Kwa hiyo yafaa kueleza jinsi shule za msingi za umma zinavyoendeshwa, fedha zake zatoka wapi, na kazi gani imewekwa mikononi mwa wazazi wenyewe. Tutachukua mfano wa Mbeere Kaskazini, katika Kaunti ya Embu, ambayo makao yake makuu ni Siakago. Hata hivyo sheria ni moja kwa Igembe, Tigania, Imenti na kwingineko.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Shule za kwanza katika nchi hizi zilianzishwa na misheni: C.M.S. upande wa Embu, Wamethodisti upande wa Meru, Wakatoliki wa Consolata pande zote mbili, na Kanisa la Scotland huko Chogoria. Mwaka 1934 sheria iliweka Baraza la Elimu katika wilaya, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C. Ndani yake waliketi wajumbe wa misheni na wa baraza la wenyeji. Baraza hilo liligawa fedha za shule, na sehemu ya fedha hizo ilitoka katika kodi walizolipa wananchi wenyewe. Hata leo shule nyingi za Kenya zina herufi D.E.B. katika majina yao, nazo ni ukumbusho wa baraza hilo.

Wako wazazi ambao hawakuridhika na mpango huo. Walijenga shule zao huru, wakawalipa walimu wao wenyewe, na baadhi ya shule hizo zilikuwa Embu. Serikali ya kikoloni ilizifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati huo huo ulikuwa ukifuatwa mpango wa Beecher wa mwaka 1949, uliogawa masomo katika vipindi vitatu vya miaka minne minne. Baada ya darasa la nne ulikuwapo mtihani wa mchujo, na watoto wengi waliishia hapo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Tume ya Huduma kwa Walimu, iitwayo TSC kwa kifupi, ilianza kazi mwaka 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Tarehe 1 Januari 1970 mabaraza ya kaunti ya wakati ule yaliondolewa mzigo wa shule za msingi. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, lakini michango ya ujenzi iliyofuata iliwalemea wazazi wengi kuliko karo yenyewe. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa kwa madarasa yote, na katika nchi nzima hesabu ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Katika miaka hiyo yote madarasa mengi yalijengwa kwa harambee, yaani kwa jasho la wazazi. Mtu aliyebeba mawe ya msingi wa shule hakuuliza shule ni ya nani. Tangu karo ifutwe, baadhi ya watu wamedhani kwamba kwa kuwa hawalipi karo, basi hawana neno la kusema. Fikira hiyo ni makosa, na sheria yenyewe yaikanusha.

MILANGO MINNE

Mlango wa kwanza ni TSC. Tume hii ndiyo iajiriyo walimu wa shule za umma, iwalipayo mishahara, iwahamishayo na kuwaadhibu wakosapo. Ina ofisi yake katika kaunti na katika kaunti ndogo, na maafisa wake huzunguka katika kanda za shule kuwasaidia walimu katika ufundishaji. Basi mwalimu akikosekana, au akiwa hafiki kazini, barua ya wazazi haina budi kufika huko.

Mlango wa pili ni Wizara ya Elimu. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo ndiye mjumbe wake. Wizara huandikisha shule, hupeleka fedha za wanafunzi, hukagua ubora wa masomo na hesabu za fedha. Tangu mwaka 2018 vitabu vya masomo hununuliwa kwa mpango wa taifa na kuletwa moja kwa moja shuleni.

Mlango wa tatu ni serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, hata kama darasa lake limo ndani ya ua ule ule wa shule ya msingi.

Mlango wa nne ni Bodi ya Usimamizi ya shule yenyewe, iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Wafadhili wana wajumbe watatu na walimu wana mjumbe mmoja. Lakini kundi lililo kubwa kuliko yote ni la wazazi, ambao huchagua wajumbe sita. Zaidi ya hayo, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi. Hapo ndipo neno la mzazi lilipo na nguvu.

FEDHA HUMFUATA MTOTO

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fedha za shule hugawanywa kwa kichwa. Mwaka 2003 Serikali ilianza kwa Sh. 1,020 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kisha kiasi hicho kikaongezwa kuwa Sh. 1,420. Kwa shule ya sekondari ya chini, iliyoanza Januari 2023 kwa gredi ya saba, kiasi kilichowekwa ni Sh. 15,042. Fedha hizo zimepangwa kuja kwa mafungu matatu: nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili, na asilimia 20 katika wa tatu. Mara nyingi huchelewa.

Sasa tufanye hesabu. Huko Manyatta na Runyenjes, penye chai na kahawa, watu wamesongamana, na shule yaweza kuwa na watoto 800 wa shule ya msingi. Fungu lake kwa mwaka mzima ni Sh. 1,136,000. Huko Mbeere, nchi ya ndengu na mtama, miji ya watu imetawanyika kwa sababu ya ukame, na shule yaweza kuwa na watoto 150 tu. Fungu lake ni Sh. 213,000, na sehemu ya hizo huzuiliwa kulipia vitabu. Walakini shule zote mbili zahitaji mlinzi, maji, chaki, na vyoo vilivyo safi. Mlinzi wa shule ndogo hali chakula kidogo kwa sababu watoto ni wachache.

Kwa hiyo katika shule ndogo kila jina lina uzito mkubwa. Watoto kumi wasipoandikwa, shule hukosa Sh. 14,200. Kwa miaka mingi mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipata taabu kuandikwa katika daftari la Wizara la kompyuta. Mzazi apataye cheti hicho mapema, mtoto angali mchanga, huwa ameisaidia shule nzima. Kwa upande mwingine, kuandika majina ya watoto wasiokuwako ni wizi, na mwaka 2025 Wizara ilifanya uhakiki wa hesabu za wanafunzi ili kuyaondoa majina ya namna hiyo.

Shule ikipungukiwa sana na watoto, huwapo hatari ya kuunganishwa na nyingine. Katika ramani jambo hilo huonekana jepesi. Lakini kwa mtoto wa miaka sita wa Mbeere maana yake ni mwendo mrefu juani asubuhi na jioni, na huenda mzazi wake akaamua akae nyumbani mpaka atakapopata nguvu.

SHULE HUPIMWAJE?

Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023 watu walizoea kuipima shule kwa mtihani mmoja, KCPE. Mtihani huo umekwisha. Sasa mwanafunzi hufanya mtihani wa gredi ya sita, uitwao KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na wa gredi ya tisa, uitwao KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika alama zitumiwazo kumpangia mtoto sekondari ya juu, KJSEA ina asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na kazi zinazopimwa na walimu shuleni asilimia 20. Maana yake ni kwamba uvivu wa miaka iliyotangulia hauwezi kufichwa kwa kukesha wiki mbili za mwisho.

Lakini mzazi hana haja ya kungoja mtihani. Kwanza, atazame mahudhurio. Muguka ukikomaa Mbeere, au miraa Igembe, wavulana huitwa mashambani kuchuma kwa malipo, na madawati hubaki matupu. Shilingi za siku moja huisha siku ile ile, bali somo lililopotea halirudi. Pili, amsikilize mtoto akisoma. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kuwapima watoto wa Kenya mwaka 2009, lilitumia njia nyepesi: watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na kumpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome. Wengi wa madarasa ya juu hawakuweza. Kipimo hicho kila mzazi aweza kukifanya kwake. Na mzazi asiyejua kusoma amwombe jirani ajuaye.

KAZI YA MZAZI

Mzazi ahudhurie mkutano wa kuchagua wajumbe, na amchague mtu ajuaye kuuliza, si mtu mwenye mali tu. Aombe kusomewa hesabu za mapato na matumizi kila muhula. Akitakiwa kutoa mchango, kwa mfano mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, ajue kwamba sheria yataka mchango upate idhini, na kwamba ni lazima apewe risiti. Tena sheria yakataza mtoto kufukuzwa kwa sababu mzazi wake hakuweza kutoa mchango. Walakini mwenye uwezo asijifiche nyuma ya sheria hiyo, kwa maana mtoto mwenye njaa hasikii afundishwalo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shule ni mali ya kijiji, na daftari lake liko wazi kwa mzazi alitakaye. Wazee waliotangulia walijenga madarasa hali sheria haikuwapa haki ya kuuliza lolote. Wa leo wamepewa haki hiyo kwa maandishi. Muhula ujao utakapofunguliwa na mkutano wa wazazi ukaitishwa, viti visibaki vitupu.