Bando la Ishirini na Waya wa Elfu Tatu

Kwa mwezi mzima karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji nyumbani kwetu Kisauni, na kila aliyenunua bando alitakiwa aandike bei yake kabla hajalitumia. Nilikuwa nimechoka kusikia kwamba waya wa intaneti ni wa wenye pesa, nikataka kujua sisi tusio na waya tunatoa ngapi hasa.

Siku ya thelathini tukaketi kujumlisha. Mimi, shilingi 50 kwa siku 26 za kazi: 1,300. Mume wangu, bando la mwezi la 1,000. Binti yetu, la 20 kila siku: 600. Kijana wetu wa chuo, ambaye sote tulidhani hatumii kitu kwa kuwa hununua yale madogo, alikuwa akinunua matatu ya 20 kwa siku: 1,800. Jumla 4,700. Safaricom ilipopanga upya bei zake za nyumbani Septemba 2024, waya wa Mbps 15 ulikuwa shilingi 2,999 kwa mwezi na wa Mbps 30 ulikuwa 4,100. Yaani tulikuwa tunalipa zaidi ya huo wa pili, na bado kila jioni watoto walikuwa wakigombania hotspot ya baba yao.

Ni haki niseme kwamba waya hautoki nje ya mlango. Nikiwa kwenye matatu, au kijana akiwa chuoni, bando bado litahitajika. Tulikadiria 900 za njiani kwa sisi wote, na pamoja na waya wa 2,999 tuliouchagua, jumla 3,899. Kilichookolewa ni kama 800 tu, lakini sasa binti anatazama somo la hesabu mpaka mwisho bila kukatikiwa katikati.

Tatizo la mabando madogo si bei iliyoandikwa. Tatizo ni saa. Chukua lile la GB 1 la saa moja: ili ulimalize ndani ya muda huo, simu yako lazima ivute zaidi ya Mbps 2 mfululizo, bila kupumzika. Anayetazama video ataweza. Netflix yenyewe husema video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Lakini anayejibu ujumbe na kusoma habari atatumia sehemu ndogo, kisha saa itagonga na MB zilizobaki zitayeyuka. Amelipia GB moja, akatumia robo yake. Mtu wa namna hiyo, hasa anayeishi peke yake, asihangaike na waya. Anunue data isiyo na mwisho wa muda, ambayo Safaricom ilianza kuiuza Oktoba 2019. Ukigawa bei kwa MB utaiona ghali, ila hutupi kitu. Halafu aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp azime upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Magrupu ya harusi na matanga humaliza bando hata simu ikiwa mfukoni.

Kwa nini basi watu wengi, nasi tulikuwemo, hubaki na mabando ya ishirini? Kwa sababu pesa huja kidogo kidogo. Fundi wa pikipiki anayepata 700 leo na 300 kesho hana 2,999 mkononi siku ya kwanza ya mwezi. Hili linaniuma, kwa maana kipato chake kidogo ndicho kinachomfanya alipe zaidi kwa kila MB. Sisi tulitafuta mkebe wa majani ya chai. Kila mtu alitia humo kile ambacho angenunulia bando siku hiyo, na kufikia siku ya ishirini na moja 2,999 zilikuwa zimeshatimia. Si kila nyumba itaweza, lakini mkebe hauhitaji mkopo wala riba.

Kwa wenye biashara, hesabu ni nyingine kabisa, na hapa ndipo naona watu wakiuziwa wasichokihitaji. Shangazi yangu hupika mahamri na mbaazi, na huchukua oda za maulidi na harusi. Juzi aliniita.

"Mwanangu, nimeambiwa biashara bila tovuti haiendi. Wanataka elfu thelathini na tano."

"Shangazi, wateja wako hufanya nini kabla ya kununua?"

"Huniuliza bei, hutaka picha, kisha hunitumia pesa."

Bei na picha zinaingia kwenye orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business, ambayo ni bure. Picha moja ikitumwa kwa kawaida mara nyingi haifiki MB 1, hivyo picha 40 kwa siku ni chini ya MB 40. Malipo ya M-Pesa hupita kwenye menyu ya laini au *334#, bila data hata chembe. Hata ankara za kielektroniki za eTIMS za mamlaka ya mapato, KRA, kwa mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa VAT, hupatikana kwa *222#. Nilimwambia azifunge hizo elfu thelathini na tano kwenye leso yake.

Jirani yetu anayepiga video za harusi ni kinyume chake. Harusi moja ni kama GB 20 za kumtumia mteja. Kwa bando la GB 1 la shilingi 99, hizo ni 1,980. Harusi mbili tu zimepita ada ya waya. Lakini yeye asitazame namba ya kwenye tangazo peke yake. Mbps ni megabiti kwa sekunde, gawa kwa nane upate MB kwa sekunde, kisha uliza kama kasi ya kupandisha ni sawa na ya kushusha. Kwa Mbps 15 za kupandisha, faili hilo litachukua saa tatu.

Walio mbali na nguzo za waya, bara ya Kilifi kwa mfano, wana Starlink, iliyofika Kenya Julai 2023. Mwaka 2024 ada ilikuwa 6,500 kwa mwezi, na kukodi kifaa 1,950 juu yake. Kwa familia moja ni mzigo. Kwa zahanati au shule isiyo na njia nyingine, inafaa kuhesabiwa. Palikuwapo pia mpango wa GB 50 kwa 1,300.

Kabla hujatia saini popote, bisha hodi kwa jirani mwenye waya huohuo saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, uone video inavyokwenda. Uliza siku zisizo na huduma zinafidiwaje. Sisi tuliahidiwa kufungiwa ndani ya siku tatu, tukangoja wiki tano. Na mwenye duka asitegemee njia moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo hata kampuni mbili zaweza kulemewa pamoja, lakini nguzo ikianguka mtaani ni waya wako peke yako unaokatika. Laini ya kampuni nyingine yenye data isiyoisha muda, ikikaa kwenye droo, itakuvusha mpaka mafundi wafike.