Fungate yetu Peru: ziwa nililoliacha

Tulipofunga ndoa Agosti 2024 hapa Bujumbura, nikiwa na miaka 44, watu hawakushangaa umri wangu. Walishangaa fungate: Peru! Tiketi za ndege alitulipia shemeji yangu, aliyepokelewa Marekani mwaka 2007 pamoja na wakimbizi wengine waliotoka kambi za Tanzania. Wazee walisema pesa hizo zingetosha kuezeka nyumba. Sikuwabishia, ila nilikuwa na sababu yangu.

Nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi. Enzi hizo, kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa jiografia alifungua atlasi iliyochanika, akatuonyesha ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, lililoko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Mimi niliyehitaji karatasi ili nifike Tabora mjini, niliapa nitaliona ziwa hilo.

Tulianzia Lima, mji mkubwa uliojengwa jangwani kando ya Bahari ya Pasifiki. Anga ilikuwa ya kijivu kutwa, lakini mvua hainyeshi. Tulikula samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, tukacheka kama vijana. Kisha tukapanda ndege kwenda Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka, ulioko karibu mita 3,400. Sisi tunaishi kando ya Tanganyika, chini ya mita 800. Kosa letu lilikuwa hilo: kupanda juu kwa ghafla.

Jioni hiyo vichwa vilituuma. Mama wa nyumba ya wageni alituletea chai ya majani ya koka. Mimi nilipata nafuu. Mke wangu alitapika usiku kucha. Daktari alituonya: asipande juu zaidi kabla hajapona, na hali ikizidi, ashuke mara moja.

Basi la kwenda Puno, kwenye ziwa, lilikuwa linaondoka asubuhi ya pili yake. Nauli ilishalipwa na hairudishwi.

"Mwalimu, twende tu," aliniambia. "Hilo ni ziwa lako la tangu utoto."

Msomaji, nakiri nilianza kufunga mizigo. Kisha nikamwona akienda msalani huku ameshika ukuta kama kipofu. Nikaona aibu. Ndoa haijamaliza mwezi, nami tayari nauza afya ya mwenzangu kwa picha ya atlasi!

Tulishuka hadi Ollantaytambo, kisha kwa treni hadi Machu Picchu. Wengi hawajui kwamba magofu hayo maarufu yako mita 2,430 tu, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima. Siku ya pili huko chini kichwa kilimwacha. Kwenye ngazi zile za mawe, yaliyopangwa na Wainka katika karne ya 15, alinitangulia yeye, akigeuka kunicheka nilivyokuwa nikihema.

Anayepanga safari kama hiyo aanzie bondeni, apumzike, apande polepole.

Shuleni wanafunzi huniuliza kama nililiona Titicaca. Nawaambia sikuliona, na kwa nini. Kibali sasa ninacho, ni pasipoti yangu mwenyewe. Na aliyeanza kuweka akiba ya safari nyingine ni mke wangu.