Maji ya kijani: kuchemsha hakutoshi

Juma hili nilisimama kwenye daraja la Mto Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza. Chini yangu yalipita maji ya sabuni, ya vyoo na ya gereji, yakielekea Ziwa Victoria. Nikayafuata hadi ufukweni. Huko maji yalikuwa yametanda rangi ya kijani kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Mama mmoja alikuwa akichota. Akaniambia, "Hayo ni majani tu, kaka. Nikiyachemsha yamekwisha."

Kwa bahati mbaya, si lazima yaishe.

Utando wa namna ile mara nyingi ni sainobakteria, viumbe wadogo mno wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mimea. Tusiwalaani wote, maana wako wa aina nyingi. Osilatoria hutanda kama nyuzi juu ya tope la mifereji na huvumilia uchafu unaowashinda wengine. Spirulina, ya maziwa ya magadi, ni chakula cha ndege aina ya heroe. Na katika mabwawa ya kusafishia majitaka, sainobakteria na mwani hutoa oksijeni inayowasaidia bakteria wengine kuozesha kinyesi.

Taabu huanza uchafu unapozidi. Kinyesi na baadhi ya sabuni vina naitrojeni na fosforasi, na kwa viumbe hawa hiyo ni mbolea. Hapo aina chache hodari huwasonga wenzao. Mojawapo ni mikrosistisi, yenye vipovu vya hewa vinavyoiwezesha kuelea ipate jua. Baadhi yake hutoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Mwanza.

Kwa macho huwezi kujua utando upi una sumu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuiharibu sumu hii. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, maji yenye sumu hiyo yalitumika kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Zaidi ya 50 walikufa.

Basi endelea kuchemsha, lakini usichote penye utando, wala usiwaache watoto waoge hapo.

Na wewe unayetapisha choo mferejini mvua inaponyesha, ujue unatia mbolea shambani. Mavuno yake ndiyo yale aliyokuwa akichota yule mama.