Kichocho Kilichopanda Mgongoni

Msomaji wa Kasingirima, Ujiji, ameniandikia kuhusu mdogo wake anayevua dagaa. Kijana alianza na kuumwa kiuno, baadaye miguu ikafa ganzi, na sasa akikaa mtumbwini hasikii kama amekalia ubao mkavu au maji. Mkojo nao umegoma. Mtaani wameshasema katupiwa kitu. Hospitali wamesema kichocho. "Dada, kichocho si cha tumbo? Kimepandaje mgongoni?"

Habari za konokono na kuoga ziwani kila mtoto wa Kigoma amezisoma darasani (hata nyani wa Gombe wamekutwa nacho), kwa hiyo naziruka. Mimi nataka hiyo njia ya kupandia.

Kichocho cha Ziwa Tanganyika ni kile cha utumbo. Minyoo yake, dume na jike, huishi wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, dume kajikunja kama mfereji, jike kalala humo. Jike hutaga hadi mayai 300 kwa siku, kila yai lina mwiba ubavuni na urefu wa kama sehemu ya saba ya milimita. Yalitakiwa yatoboe utumbo yatoke na choo. Mengi hukwama, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini.

Sasa utamu. Mishipa inayopandisha damu kutoka miguuni ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Ile inayouzunguka mgongo haina. Mwaka 1940 Mmarekani Oscar Batson alionyesha kwamba mishipa hiyo imeungana na ya nyonga, na kwamba tumbo likibanwa, damu huchepukia huko.

Ujiji wanaujua ubishi huu wa maji kwenda wapi. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hapo hapo wakaenda kaskazini kwa swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Wakakuta unaingia. Mwaka 1874 msafiri Cameron akafika mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, akasema maji yanatokea hapa. Stanley akaenda 1876, akakuta matete na tope, maji karibu yamesimama. Haikupita miaka mingi ziwa likajaa, likalisukuma lile zibo, Lukuga ukatiririka kwa kishindo. Mto ni ule ule, kilichobadilika ni kimo cha ziwa. Basi tumbo lako ndilo ziwa. Ukitulia, damu inashika njia yake ya kila siku. Ukikohoa, ukijikamua chooni, ukivuta wavu uliojaa, kimo kinapanda na vijito vya mgongoni vinageuka. Yai lililokuwa njiani linachukuliwa kinyumenyume mpaka kwenye ncha ya chini ya ugwe.

Naandika ugwe makusudi. Uti wa mgongo kwetu ni mifupa, tena ni ugwe, tena ni homa, na neno moja haliwezi kubeba mizigo yote hiyo. Ugwe ni ile kamba laini iliyopita ndani ya mifupa. Huishia kiunoni, kwenye pingili ya kwanza au ya pili, na chini yake neva huning'inia fungu zima. Kilatini wanaliita mkia wa farasi. Nani Ujiji anafuga farasi? Mimi naliita usinga, ule wa kupungia nzi, wenye mpini juu na nywele chini. Mhariri anataka farasi wake. Nimemkatalia.

Yai likitua hapo mwili hulizingira kwa uvimbe, na uvimbe ndio unaobana. Nywele za usinga ndizo zinazoleta hisia za makalio, mapaja kwa ndani na sehemu za siri, na ndizo zinazoamrisha kibofu. Ndiyo maana ganzi ya kijana imekaa pale pale panapogusa siti ya baiskeli.

Ganzi nyingi zina sababu nyingine, kisukari mojawapo, na yai kufika huko ni nadra. Dawa ni prazikwanteli pamoja na za kutuliza uvimbe, na zinataka kuwahiwa, maana neva iliyobanwa muda mrefu huenda isipone.

Ndugu yangu, mdogo wako asiache vidonge. Siku atakayosikia tena ubaridi wa ule ubao, niandikie. Nataka kujua ulianzia upande gani.