Maji ya Moto Yasiyochemka

Magugu maji yakiopolewa Ziwa Victoria hurundikwa ufukoni yaoze. Ukiuliza mbona hayafanywi nishati, utajibiwa kwamba ni mabichi mno: zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kwa jiko, jibu hilo ni sahihi. Kwa maji yaliyobanwa, si kweli hata kidogo.

Kinachokula moto ni kule kuchemka. Kilo ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 hudai kilojuli 2,260 hivi ndipo igeuke mvuke. Shinikizo likipanda, deni hilo hupungua. Kwenye nyuzi 374 na shinikizo mara 218 ya lile la angahewa, linafutika. Hakuna povu, wala mpaka kati ya kimiminika na gesi. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliitambua hali hiyo mwaka 1822 kwa sikio: alifungia vimiminika na gololi ndani ya mtutu wa mzinga, akaupasha moto huku akiutikisa, na joto lilipopanda vya kutosha mlio wa gololi ndani ya kimiminika ukatoweka.

Hapo maji hugeuka tabia: yanayeyusha mafuta na kuikataa chumvi. Majani yaliyosagwa yakisukumwa humo humeng'enyuka kwa dakika chache, na maji yenyewe huchangia hidrojeni yake. Hutoka hidrojeni, methani na kaboni dioksaidi, na joto la yanayotoka hupasha yanayoingia.

Tatizo ni chumvi ile iliyokataliwa. Huganda kwenye kuta za bomba mpaka likaziba. Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, huitoa kwanza, kabla tope la majani halijafika kwenye kichocheo cha metali ya rutheni. Chumvi hiyo ni mbolea, na kwa maoni yangu mtambo usioirudisha shambani haufai kujengwa.

Si kila kichocheo ni ghali. Huko Hawaii, katika miaka ya 1990, mtafiti Michael Antal na wenzake walitumia mkaa wa vifuu vya nazi. Vifuu! Pwani yetu tunavitupa.

Na malighafi tunayo: machicha ya pombe, maganda mabichi ya kahawa, majitaka, mabaki ya mkonge wa Tanga, ambao nyuzi zake ni asilimia 4 tu hivi ya jani. Gesi yake huendesha jenereta, hupikia, hutengeneza amonia.